Mtukufu Rais, Vita na Shule Viamuliwe Katika Meza Moja

Kwa Mheshimiwa Dkt. William Samoei Ruto,
Rais wa Jamhuri ya Kenya na Amiri Jeshi Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi,
Ikulu, Nairobi.

Mtukufu Rais,

Nakuandikia kutoka Lafey, Kaunti ya Mandera, ambako jua linatoka upande wa Somalia na mpaka wenyewe hauko mbali. Naomba unipe dakika chache za muda wako, nami nitajitahidi nisizipoteze.

Naomba pia radhi kwa kukuandikia hadharani. Nimelelewa kupeleka neno kwa mzee wa mtaa, kisha kwa naibu chifu, kisha kwa chifu, nalo lipande kwa utaratibu wake. Lakini ninalotaka kulisema limezidi uwezo wa ofisi hizo zote. Chifu wetu haamuru jeshi, na Naibu Kamishna wa Kaunti hajadiliani na serikali za nje. Mamlaka hayo Katiba imeyaweka mikononi mwako, ndiyo maana nimethubutu kubisha hodi kwenye mlango wako.

Kwanza nishukuru. Tarehe 5 Februari 2025, ukiwa Wajir, ulitia sahihi tangazo la kuondoa upigaji msasa wa ziada kwa vijana wa kaunti za mpakani wanaoomba vitambulisho. Mtukufu Rais, huenda wasaidizi wako walikueleza shangwe za siku ile, lakini naomba nikueleze na ukimya wa miaka iliyotangulia. Kijana wetu akifika umri alisimama mbele ya wazee na maafisa kuthibitisha babu yake alizikwa wapi, wakati mwenzake wa kaunti nyingine alipeleka karatasi na kurudi nyumbani. Pasipo kitambulisho hapati mkopo wa masomo wa HELB, hafungui akaunti, hapiti kizuizi cha polisi. Uliliondoa jambo hilo, na ninakuombea kheri kwalo. Ni kwa sababu ulitusikia siku ile ndipo nina imani utanisikia leo.

Mimi ni mama. Binti yangu anasoma Chuo Kikuu cha Garissa. Muhula ukikaribia tunamfungia sanduku la bati: vitabu, shuka, baibui mbili, na kopo la nyirinyiri lililojaa samli hadi juu ili nyama isiharibike njiani. Ndani ya kifuniko cha sanduku nimebandika karatasi yenye namba za simu, yangu, ya mjomba wake aliyeko Garissa mjini na ya mzazi wa mwenzake wa bwenini. Chini yake yeye mwenyewe ameandika kwa kalamu nyekundu mlango wa nyuma wa bweni uko upande gani na ukuta gani ni mfupi. Sikumwambia aandike hayo. Wanafunzi wanaoingia mwaka wa kwanza huelezwa na wenzao, kama vile wanavyoelezwa maktaba iko wapi.

Unajua kwa nini, Mtukufu Rais. Wakati ule ulikuwa Naibu wa Rais, na msiba ulipita mikononi mwenu. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 2 Aprili 2015, mwendo wa saa kumi na moja na nusu, watu wanne wenye silaha waliingia chuoni Garissa, wakawapiga risasi walinzi langoni, wakaingia mabwenini, wakawatenga Waislamu na Wakristo. Hadi jioni walikuwa wameuawa watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Kikosi maalumu cha polisi cha Recce, ambacho ndicho kilichomaliza kazi, kilifika mchana. Wazazi walioletwa Nyayo Stadium jijini Nairobi kungoja habari, kisha wakapelekwa chumba cha maiti cha Chiromo kuwatambua watoto wao, walikuwa wametoka karibu kila pembe ya nchi. Wapo kati ya watoto wale ambao hawakuichagua Garissa. Serikali iliwapangia nafasi huko kwa alama zao, nao wakaenda kwa kuiamini.

Naomba nirudi nyuma kidogo, kwa ruhusa yako, kwa sababu msiba ule haukuanzia langoni mwa chuo. Mwezi Oktoba 2011, baada ya watu kutekwa Lamu na wafanyakazi wa misaada kutekwa Dadaab, majeshi yetu yaliingia Somalia kwa operesheni ya Linda Nchi. Mwaka uliofuata yakaunganishwa na kikosi cha Umoja wa Afrika. Siandiki kulaumu uamuzi ule. Vijana wetu waliovaa sare wamemwaga damu El Adde na Kulbiyow huko Somalia, na mama zao ni mama kama mimi. Nasema tu kwamba siku jeshi lilipovuka kwenda upande ule, hakuna aliyetuambia nani atasimama kwenye malango ya shule upande huu. Vita vilipangiwa magari, ndege, chakula na madaktari. Mwalimu wa Arabia, hapa Mandera, na mwanafunzi wa Garissa hawakupangiwa kitu, ilhali adui, al-Shabaab, alisema wazi kwamba analipiza kisasi kwa sababu ya vita hivyo.

Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa alfajiri na abiria 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu waliofunga shule na kurudi kwao kwa likizo. Siku kumi baadaye, vibarua 36 wa machimbo ya mawe wakauawa Koromey, karibu na mji wa Mandera. Walimu waliobaki hai wakakataa kurudi. Walipiga kambi mbele ya ofisi za Tume ya Huduma za Walimu jijini Nairobi wakiomba uhamisho, na wapo waliowaita waasi na watoro. Mtukufu Rais, hapa kwetu hatukuwaita hivyo. Tulilia walipoondoka, maana watoto wetu walibaki na mwalimu mmoja kwa madarasa mengi, lakini hatukuweza kumwambia mtoto wa mwanamke mwingine arudi afie kwetu. Oktoba 2018 walimu wawili wakauawa katika shule ya wavulana ya Arabia. Januari 2020 wengine watatu wakauawa Kamuthe, Garissa, na Tume ikawaondoa walimu wasio wenyeji kwa wingi. Kila pigo la namna hiyo linatuachia shule yenye paa, yenye madawati, yenye watoto, isiyo na mtu wa kufundisha hisabati.

Nakusihi usidhani kwamba tulikaa kutazama. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lilipovamiwa karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo, wanawake wakawavisha wenzao hijabu. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafariki mwezi uliofuata. Serikali ilimtunuku nishani, nasi tulishukuru sana. Mwalimu yule aliyafanya kwa mwili wake yale ambayo tunaiomba dola iyafanye kwa mpango.

Yapo mengine ya Garissa ambayo mzazi wa Mandera hawezi kuyapita kimya. Mmoja wa wavamizi wale wanne alikuwa kijana wa kaunti yetu, aliyehitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu. Baba yake, mtumishi wa serikali, alikuwa amekwisha kuwaarifu wenye mamlaka kwamba mwanawe ametoweka. Juma moja kabla ya shambulio, Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kiliwatahadharisha wanafunzi wake kwamba kuna habari za njama dhidi ya chuo kikuu. Habari zilikuwepo, kwa baba na kwa mabango ya vyuo. Naomba uniwie radhi nikisema kwamba kilichokosekana ni mtu mwenye cheo cha kutosha kuziunganisha na kutuma gari.

Siku chache baada ya shambulio, wanafunzi waliandamana. Tarehe 7 Aprili 2015 walipita katikati ya jiji la Nairobi wakidai usalama, na jioni watu wakakusanyika Uhuru Park wakawasha mishumaa. Na Garissa mjini wakazi, wengi wao Waislamu, walitoka kulaani mauaji. Kisha hofu ikawa ugonjwa wa nchi nzima. Jumapili ya tarehe 12 Aprili, kabla hakujapambazuka, hitilafu ya umeme ilitoa mlipuko kwenye kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi waliokuwa usingizini walidhani ni yaleyale ya Garissa, wakaruka madirishani kutoka ghorofani. Mmoja alifariki na zaidi ya mia moja wakaumia. Mwezi Novemba mwaka uleule, chuo cha Strathmore kilipofanya zoezi la kujihami, milio ya risasi za mazoezi iliwatia watu kiwewe na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha kwa kuruka. Hakukuwa na adui Kikuyu wala Strathmore. Kulikuwa na vijana na wafanyakazi ambao hakuna aliyewaambia, kwa namna wanayoweza kuiamini, kwamba wakipiga kelele kuna mtu atakuja na atafika saa ngapi.

Mwaka 2024 tuliona kwenye televisheni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, jijini New York, wakipiga mahema uwanjani kwa sababu ya vita vya Gaza, na polisi wakiitwa kuwakamata zaidi ya mia moja. Watu walibishana kama mwanafunzi ana haki ya kusema juu ya vita vya mbali. Kwetu suala hilo haliji hivyo. Mwanafunzi wa Garissa hakwenda kuitafuta siasa ya nchi jirani, siasa hiyo ilimjia akiwa amelala. Akiandamana haombi Kenya ibadili urafiki wake na mtu yeyote. Anaomba lango lenye mlinzi, taa, na namba ya simu inayopokewa.

Mtukufu Rais, ningeishia hapo kama mambo haya yangekuwa historia. Lakini Machi 2020 vikosi vya serikali ya Somalia vilipopigana na vya jimbo lake la Jubaland pale Bula Hawa, ng'ambo ya mpaka, risasi zilivuka hadi mji wa Mandera na watu wakahama nyumba zao. Januari 2021 wakapigana tena. Na mwaka 2025, vita vya Bula Hawa vilipozuka upya, wapiganaji wa Jubaland waliingia upande wetu. Viongozi wa kaunti, akiwemo Gavana Mohamed Adan Khalif, walisema hadharani kwamba wapiganaji hao wamekita kambi kwenye shule ya Border Point One, mjini Mandera, na kwamba masomo yamevurugika. Wakazi wakaandamana. Wapo waliosema kwamba jambo hilo ni la kidiplomasia na lishughulikiwe kidiplomasia.

Kwa unyenyekevu wote naomba kusema neno moja hapa. Diplomasia ni kazi yako na ya mawaziri wako, nami sina elimu ya kuingilia. Sijui ni ahadi gani Kenya imetoa kwa nani, wala sitaki kujua siri za nchi. Lakini shule ya msingi ikiwa na watu wenye bunduki wasio wa jeshi letu, mtoto wa darasa la tatu hawezi kungoja mazungumzo ya nchi mbili yaishe ndipo ajifunze kugawanya. Na adui wa wapiganaji wale akiamua kuwafuata, atawafuata hadi kwenye uwanja wa shule. Waliotoka barabarani Mandera kupinga jambo hilo walikuwa wazazi. Nakuomba usikubali kuambiwa na yeyote kwamba walikuwa maadui wa serikali. Mtu anayeiomba serikali ije shuleni kwake anaiamini serikali.

Sasa nifikie ombi langu, nalo ni moja.

Katiba yetu, Kifungu cha 240, inaunda Baraza la Usalama wa Taifa ambalo wewe ndiwe mwenyekiti wake. Baraza hilo, kwa idhini ya Bunge, ndilo linaloweza kupeleka majeshi yetu nje ya nchi, na ndilo linaloweza kuruhusu majeshi ya kigeni kuwa ndani ya Kenya. Wajumbe wametajwa: Naibu wa Rais, mawaziri wa Ulinzi, wa Mambo ya Nje na wa Usalama wa Ndani, Mwanasheria Mkuu, Mkuu wa Majeshi, Mkurugenzi Mkuu wa Ujasusi na Inspekta Jenerali wa Polisi. Nimeisoma orodha hiyo polepole, nikairudia. Anayehusika na watoto wa shule na wanafunzi wa vyuo hayumo.

Ninakuomba, kama mama anavyomwomba mzee wa nyumba, kwamba Baraza hilo likikaa kuzungumzia Somalia umwalike Waziri wa Elimu mezani. Na asije kusikiliza tu. Aje na orodha ya shule na vyuo vilivyo kwenye njia ya vita, kuanzia Damasa, Fino na Lafey hapa kwetu hadi Mandera mjini, El Wak, Wajir na Garissa. Kwa kila jina aulize Mkuu wa Majeshi na Inspekta Jenerali: hapa nani analala langoni, risasi ya kwanza ikilia nani anatoka kambi gani, na anafika baada ya dakika ngapi? Mahali ambapo jibu halipo, jambo lililoko mezani lingoje hadi lipatikane. Kama ni kuongeza askari upande ule, shule za upande huu zipate ulinzi siku hiyohiyo. Kama ni kuwapokea wapiganaji wa jirani kwa sababu za busara msizoweza kututangazia, waambiwe kabla hawajavuka kwamba shule si kambi.

Ombi hili halihitaji sheria mpya, na wala sidhani linahitaji fedha nyingi. Chuo Kikuu cha Garissa kilipofunguliwa tena Januari 2016 kiliwekewa polisi ndani, na binti yangu anasema anawaona kila siku akienda darasani. Mwaka 2017 chuo kilipewa hati ya kujitegemea. Kinaishi, kinafundisha, na wamerudi hata wanafunzi wa kutoka mbali. Kwa hiyo inawezekana. Kinachonisumbua ni kwamba ulinzi ule ulikuja baada ya watu 148. Lafey hatutaki kungoja zamu yetu ili tustahili.

Naongeza jambo dogo lililo ndani ya ombi hilohilo. Wanafunzi wetu wanaona mengi kabla ya maafisa: mgeni anayepiga picha ukuta, gari lisilojulikana linalozunguka kijiji usiku, mwenzao aliyeacha ghafla kuja darasani na simu yake imezimwa. Wengi hawasemi kwa kuogopa kwamba anayetoa habari ndiye atakayeshikwa wa kwanza, hasa akiwa na jina kama letu. Ukitoa neno lako, wewe mwenyewe, kwamba mwanafunzi anayetahadharisha atalindwa na hatageuzwa mshukiwa, neno hilo litafika mbali kuliko bango lolote. Baba yule chifu alisema habari za mwanawe wa damu. Sijui mzazi atakayepata ujasiri wa kufanya hivyo mara ya pili kama hatuoni kwamba kusema kuna faida.

Mtukufu Rais, najua barua nyingi zinakufikia, na nyingine zina machungu makubwa kuliko yangu. Najua pia kwamba kuna watakaokushauri kuwa mambo ya Baraza la Usalama si ya kuzungumzwa na mama wa Lafey. Nawaheshimu. Lakini maamuzi yanayotoka kwenye chumba kile yanafika kwetu kabla hayajafika kwa mtu mwingine yeyote, na huwa yanafika bila kutanguliwa na taarifa.

Jibu likipatikana, hata liwe fupi, naomba kwa heshima lipitie kwa Naibu Kamishna wa Kaunti hapa Lafey. Mtandao wa simu kwetu ni wa kubahatisha na magazeti hayafiki. Lisomwe barazani, siku ambayo walimu wakuu wa shule za huku wamealikwa, na walioko chuoni wasomewe na wazazi wao kwa simu. Muhula ukianza tutakuwa tumelisikia.

Nakutakia afya, hekima na umri mrefu. Mwenyezi Mungu akulinde wewe na watoto wako, na awalinde na wetu.

Wako mtiifu, kwa heshima zote,

Mzazi wa mwanafunzi,
Lafey, Kaunti ya Mandera.